Uzi wa gemu za risasi za zamu kwa zamu: kosa lililokuua lilikuwa zamu ngapi nyuma?

Mleta uzi

Ndugu wanajukwaa, salaam. Nimesoma nyuzi za gemu humu kwa muda mrefu bila kuandika neno. Leo naanzisha wangu kwa sababu kuna jambo limenikaa kichwani kwa wiki kadhaa, nalo linahusu gemu ambazo hazizungumzwi sana: zile ndogo za kupiga risasi zinazochezwa kwa zamu, ambazo ukifa unarudi mwanzo, na kila unapoanza upya unakuta mambo yamepangwa vingine.

Kwa wasiozifahamu, ukoo huu umeanzia kwenye Rogue, gemu ya mwaka 1980 iliyoandikwa na Michael Toy na Glenn Wichman. Haikuwa na picha yoyote, mchezaji alikuwa alama ya @ na mazimwi yalikuwa herufi kubwa kuanzia A hadi Z. Ukifa, umekufa, hakuna kurudia pale ulipokosea. Mwaka 2008 wapenzi wa gemu hizo walikutana Berlin wakaandika sifa za kuitambua roglaiki ya kweli, yaani gemu iliyofuata nyayo za Rogue, zikiwemo kifo cha kudumu, ramani inayopangwa upya kila mara, miraba na zamu. Roglaiti ni mtoto mtukutu wa ukoo huo, ambaye amechukua kifo na ramani isiyojirudia, na mengine akayaacha au akayageuza atakavyo. Jina hilo lilienea zaidi baada ya Rogue Legacy ya mwaka 2013, ambamo shujaa akifa mrithi wake anatumia dhahabu iliyobaki kujiimarisha.

Ninayoicheza mimi ni Shotgun King: The Final Checkmate, iliyotolewa mwaka 2022 na studio ndogo ya PUNKCAKE Délicieux. Ubao ni wa sataranji, miraba 64. Wewe ni mfalme mweusi aliyekimbiwa na jeshi lake lote akabaki na shotigani, na mbele yako limesimama jeshi la kete nyeupe. Kwa kawaida zamu yako ni ya jambo moja: ama usogee mraba mmoja, kama asogeavyo mfalme wa sataranji, ama ufyatue. Ukisogea, risasi inaingia kwenye mtutu kutoka katika akiba. Ukifyatua, marisau, yaani vile vipande vidogo vilivyomo ndani ya risasi, yanatawanyika, na kadiri lengo linavyokuwa mbali ndivyo yanavyolikosa. Kete nyeupe nazo hazisubiriani kama katika sataranji ya kawaida, zamu moja inaweza kusogeza zaidi ya moja. Mfalme mweupe akianguka ngazi imekwisha, hata kama wenzake wote bado wamesimama. Baada ya hapo unaonyeshwa jozi mbili za kadi uchague moja, na katika kila jozi kadi moja inakufaa wewe na nyingine inamfaa adui.

Juzi nilifika mbali nikiwa na kadi nzuri na kiburi kidogo. Naomba mnifuate ubaoni. Mfalme wangu alikuwa kwenye safu ya kwanza kabisa ya kushoto, mstari wa nne, na risasi mbili mtutuni. Farasi mweupe alikuwa kwenye mstari huohuo, safu ya tatu, yaani tulitazamana tukiwa na mraba mmoja mtupu katikati yetu. Farasi huruka miraba miwili kisha mmoja pembeni, hapigi mbele moja kwa moja, kwa hiyo nilimpuuza. Aliyenikera ni askofu aliyekuwa karibu, nikamfyatulia mara mbili akaanguka, nami nikafurahi. Kete zilipojibu, ngome, ambayo hupiga mstari mzima ulionyooka, ilihamia safu ya pili, mbali kule mwisho wa ubao, na hapo ndipo nilipoanza kuhesabu kwa kidole kwenye skrini. Mfalme aliye ukingoni ana njia tano tu. Tatu kati ya hizo zilikuwa kwenye safu ya pili, na zote zilikuwa za ngome. Mbili zilizobaki, mraba wa juu yangu na wa chini yangu, zote zilikuwa za yule farasi niliyempuuza. Risasi nilizokuwa nazo mkononi zilikuwa zimeingia mwilini mwa askofu. Sikuwa na hatua isiyokuwa ya kifo, wala sikuwa na cha kufyatua.

Kwa siku nzima niliamini kwamba kosa langu lilikuwa kumchagua askofu badala ya farasi. Nilipoipanga tena ile hali kwenye karatasi niligundua kwamba lilikuwa nyuma zaidi. Zamu chache kabla ya hapo nilikuwa karibu na katikati ya ubao, mtutu ukiwa na risasi moja, nikasogea ukingoni kwa sababu palionekana patulivu na nilitaka kujaza ya pili. Mfalme aliye katikati ana njia nane, aliye ukingoni ana tano, aliye kwenye pembe ana tatu. Nililipa njia tatu ili nipate risasi moja, wala sikujua kuwa nimelipa.

Ninachodai, nanyi mnikosoe, ni kwamba katika gemu hizi bunduki inakusanya tu matokeo ya mahali uliposimama. Gemu inaitwa ya risasi, lakini anayeicheza kwa jicho la risasi atakufa palepale kila siku. Naomba kila mwenye uzoefu akumbuke kifo chake cha mwisho, ahesabu kurudi nyuma, kisha atuambie kosa lilikuwa zamu ngapi kabla.

Jibu la 1

Mleta uzi, heshima yako. Kuhusu farasi sina ubishi, nimeupanga ubao mezani nikahakiki na kweli anafunga pande zote mbili. Ila naona umeliacha jambo kubwa nje, nalo ni bahati. Kuna gemu moja ya kikosi, ya zamu kwa zamu vilevile, ambayo sitaitaja. Ndani yake nilimweka askari wangu mahali sahihi kabisa, nyuma ya kizuizi, ubavuni mwa adui, skrini ikaniandikia asilimia 95. Akakosa. Adui akageuka, akamuua yule askari, na safari yangu, yaani mchezo mmoja kuanzia mwanzo hadi kifo, ikaishia hapo baada ya muda wa masaa manne. Nirudi nyuma zamu ngapi, ndugu yangu? Kosa langu liko wapi? Mimi nadhani tunajilaumu kupita kiasi kwa sababu tunapenda kuamini kwamba kila kifo kina somo, kumbe vifo vingine ni kete ya dadu iliyoangukia upande mbaya.

Mleta uzi

Ahsante kwa kunibana, mkuu. Nakubali kwamba asilimia 95 inauma ikikosa, lakini tuifanyie hesabu. Ukifyatua risasi kumi za namna hiyo katika safari moja, uwezekano wa zote kumi kupata ni 0.95 ikizidishwa yenyewe mara kumi, ambayo ni takriban 0.60. Maana yake, karibu safari nne kati ya kila kumi zitakuwa na angalau risasi moja ya "haiwezekani" iliyokosa. Kwa asilimia 85 hali ni mbaya zaidi, kwani risasi tatu tu zinakufikisha kwenye uwezekano wa 0.61 wa kupata zote. Vichwa vyetu havisomi tarakimu hizi vizuri. Sid Meier, mtengenezaji wa Civilization, alilieleza jambo hili katika mkutano wa watengeneza gemu mwaka 2010: wachezaji waliopewa nafasi ya tatu kwa moja waliona wameonewa kila waliposhindwa, ingawa kwa hesabu walitakiwa kushindwa mara moja katika kila nne.

Hivyo swali langu kwako ni hili. Yule askari alipofyatua, ulikuwa umeweka nini cha kumwokoa endapo angekosa? Kama jibu ni "sikuweka kitu", basi kosa lako ninaliona, nalo lilitangulia ile risasi. Wewe uliichukulia 95 kama 100.

Niongeze kwamba bahati ziko za namna mbili, na ni vyema tusizichanganye. Ipo inayokuja kabla hujaamua, kama vile ramani uliyopewa, kadi ulizofunuliwa na mahali adui alipoanzia. Hiyo ni kama mvua, unaiona ndipo unapanga safari. Na ipo inayokuja baada ya kuamua, ambayo ni risasi kukosa. Into the Breach ya mwaka 2018, iliyotengenezwa na Subset Games, imejengwa karibu yote juu ya ile ya kwanza. Ubao wake nao ni wa nane kwa nane, na kila adui anakuonyesha atapiga wapi kabla wewe hujacheza; kilichobaki cha bahati ya baadaye ni asilimia ndogo ya jengo kustahimili pigo, nayo imeandikwa wazi. Shotigani ya mfalme wetu iko katikati ya hizo mbili, na kwa maoni yangu hapo ndipo utamu wake ulipo.

Chukueni bunduki ya mfano, tarakimu ni zangu kwa ajili ya hesabu tu. Inatoa marisau manne, na kwa umbali fulani kila moja lina nusu kwa nusu ya kupata. Adui ana uhai wa tatu. Mtu anaona marisau manne dhidi ya uhai wa tatu na kudhani yanatosha. Hayatoshi, kwa sababu uwezekano wa kupatisha matatu au zaidi kati ya manne ni asilimia 31 tu. Sasa sogea mraba mmoja karibu, na tuseme kila risau limepanda kufikia asilimia 75. Uwezekano wa kuua kwa mfyatuo mmoja unaruka hadi asilimia 74. Hatua moja imezidisha mara mbili na zaidi, tena wakati unasogea umejaza risasi. Ndiyo maana nasema mahali ndipo penye silaha.

Jibu la 2

Hesabu ni sahihi lakini hitimisho umeliwahisha, mleta uzi. Umelinganisha mfyatuo mmoja wa mbali na mfyatuo mmoja wa karibu, ilhali zamu hazilingani. Anayesogea kisha akafyatua ametumia zamu mbili. Basi mpe yule wa mbali zamu mbili pia, afyatue mara mbili. Ana marisau manane ya nusu kwa nusu, anahitaji matatu, na uwezekano wake ni takriban asilimia 86, juu ya ile 74 yako. Zaidi ya hapo, katika asilimia 31 ya safari adui amekwisha kufa kwenye zamu ya kwanza, na zamu ya pili inabaki huru. Na hata asipokufa mara moja, mfalme wangu hakusogea kwenda mraba mpya ambao huenda unatazamwa na kete nyingine.

Najua utasema risasi. Ni kweli, mimi nimetumia mbili na wewe moja, na mtutu wangu mtupu unanidai hatua mbili za kujaza, tena hatua hizo lazima ziwe na mahali salama pa kukanyagia. Kwa hiyo hakuna jibu la jumla. Mimi nimejiwekea utaratibu: mbele ya adui wa mwisho aliye karibu nafyatua mara mbili bila kufikiri sana, lakini wakiwa wengi nasogea kwanza. Kifo chako cha ngome na farasi kilitokana na kufanya kinyume cha hapo, yaani ulimaliza mtutu mbele ya kundi.

Kuhusu kadi, ambazo hukuzigusa vya kutosha, nina neno moja. Wengi wanaichagua jozi kwa kuangalia kadi yao wenyewe. Miezi ya mwanzo nami nilifanya hivyo, nikiona risau la ziada nalichukua, hata kama upande wa pili umemwongezea adui ngome. Siku hizi nasoma kadi ya adui kwanza na kujiuliza ni ipi ninayoweza kuishi nayo hadi mwisho, kwa sababu kadi hazitoki. Nyongeza ya askari wa mbele wawili naivumilia. Chochote kinachoongeza kete zinazopiga kutoka mbali sikigusi, kwani kinapunguza ile miraba ya kukanyagia ambayo wewe mwenyewe umeililia.

Jibu la 3

Samahani, mimi ni mgeni wa gemu hizi na swali langu huenda ni la kitoto. Ninacheza roglaiti moja ambayo kila nikifa napata sarafu za kununua nguvu za kudumu, kama uhai zaidi na risasi zaidi. Nimeanza kufika mbali kuliko mwanzo. Nitajuaje kama nimejifunza kucheza au nimenunua tu?

Mleta uzi

Swali si la kitoto hata kidogo, na ningependa kulitolea jibu safi kuliko nitakalolitoa. Mimi nilijipima kwa njia rahisi, kwani gemu niliyokuwa nayo iliruhusu kuanzisha faili jipya lisilo na nyongeza yoyote. Nilicheza humo safari kumi. Hapo mwanzo, nilipokuwa mgeni kabisa, nilikuwa nafia ngazi ya pili. Kwenye faili jipya nilifia ya nne na ya tano. Basi kilichokuwa changu ni zile ngazi mbili tatu, na zilizobaki nilikuwa nimezinunua. Iliniuma kidogo. Tangu hapo naheshimu zaidi gemu zinazofanya kinyume, ambazo ukishinda zinakufungulia daraja gumu zaidi badala ya kukuongezea misuli. Lakini usiache kununua nguvu zako kama zinakufurahisha, gemu si mtihani.

Ndugu wa jibu la 2, umenishika. Nimerudia hesabu na 86 ni sahihi. Nitajaribu utaratibu wako.

Jibu la 4

Nawasalimu nyote. Mimi ni wa zamani kidogo. Niliingia kwenye mambo haya kupitia DoomRL ya Kornel Kisielewicz, iliyoanza mwaka 2002, kisha nikaifuata Jupiter Hell iliyokamilika mwaka 2021. Huko hakuna ubao mtupu wa sataranji bali kuna vyumba, milango na kuta, na hilo linabadilisha mjadala wenu kwa namna ambayo hamjaitaja.

Kwenye ubao wa wazi mnahesabu njia za kutokea. Kwenye vyumba tunahesabu macho. Swali langu la kila zamu ni kwamba nikisimama hapa, maadui wangapi wananiona kwa wakati mmoja? Mgeni akifungua mlango na kukuta wanne ndani, anabaki mlangoni na kufyatua, kwa sababu mlangoni anawaona wote. Hajafikiria kwamba nao wote wanamwona. Mkongwe anafyatua mara moja ili wamjue, anarudi hatua mbili tatu hadi nyuma ya kona, kisha anasubiri. Maadui wanamfuata, na kwa kuwa njia ni nyembamba wanajitokeza mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akiwa karibu, pale ambapo shotigani ina nguvu zaidi. Chumba cha wanne kimegeuka kuwa mapambano manne ya mmoja mmoja. Katika Jupiter Hell pia kuna vizuizi vya kujikinga, na mchezaji anayetembea anakuwa mgumu zaidi kupigwa kuliko aliyesimama wazi, kwa hiyo hata ile safari ya kwenda konani ni kinga.

Sasa nijibu swali la mleta uzi. Kifo changu cha mwisho kilitokea kwenye korido, nikiwa na risasi za kutosha na uhai wa kutosha. Adui wa mbele nilimmaliza. Aliyeniua alitokea nyuma, kutoka kwenye chumba ambacho nilikipita bila kukikagua kwa sababu nilikuwa na haraka ya kuifikia ngazi ya kushukia. Nimehesabu na ni zamu thelathini na kitu. Kwa hiyo kwa upande wa vyumba nadhani jibu ni refu kuliko zamu zako chache, na yule mwenzetu wa jibu la 1 anaposema hakuona kosa lake, inawezekana kabisa kwamba lilikuwa mbali kiasi cha kutoonekana.

Jibu la 1

Nimerudi. Mleta uzi aliniuliza nilikuwa nimeweka nini cha kumwokoa yule askari. Nimeifikiria hali ile upya. Nilikuwa na wenzake wawili ambao nilikuwa nimekwisha kuwachezesha kabla yake, mmoja kwa kujaza risasi ambazo hakuzihitaji bado, mwingine kwa kusogea tu mbele. Kama ningeanza na ile risasi ya 95, hao wawili wangekuwa bado na zamu zao na wangeweza kumaliza alichokosa. Mpangilio ulikuwa wa kinyume. Bado nasema nilionewa, ila sasa nasema kwa sauti ya chini.

Mleta uzi

Jibu hilo nimelisoma nikicheka peke yangu. Kuanza na risasi yenye shaka na kuacha za uhakika nyuma, hilo nililijua kwa vitendo lakini sikuwahi kuliweka katika maneno.

Nimeleta mrejesho kama nilivyoahidi. Jana usiku nilicheza safari tatu kwa utaratibu wa jibu la 2, pamoja na kanuni yangu ya kutokanyaga ukingo wa ubao isipokuwa nimeshaona hatua ya kurudi. Ya kwanza nilifia ngazi ya tatu kwa uzembe ambao hauhitaji kusimuliwa. Ya pili nilivuka pale nilipokuwa nakwama. Ya tatu ndiyo iliyonifundisha kitu kipya. Nilikuwa katikati ya ubao, njia zangu nyingi zikiwa wazi, mtutu umejaa, nikasubiri nafasi nzuri zaidi ya kumfyatulia mfalme mweupe aliyekuwa mbali kidogo. Nikasogea, nikasogea tena, kila hatua ikiwa salama kwa kipimo changu, na risasi hazikuongezeka kwa sababu mtutu ulikuwa umeshajaa. Wakati huo kete nyeupe hazikuwa zimelala. Nilipokuja kuinua macho, malkia na maaskofu wawili walikuwa wameshajipanga, na zile njia zikaanza kuzimika moja baada ya nyingine kama taa za nyumba watu wanapoenda kulala.

Nimehesabu kurudi nyuma na safari hii sikuona hatua mbaya hata moja. Nilichokiona ni zamu nne nilizotembea na mtutu uliojaa, huku farasi mmoja mweupe ambaye ningeweza kumfyatulia akiwa miraba miwili kutoka kwangu. Wenye uzoefu wa ubao wa wazi mnieleze mnatumia kipimo gani kujua kwamba kusubiri kumetosha.